Saa 143, na Sikumbuki Mwisho

Mpwa wangu amekuja kukaa kwangu akisubiri matokeo ya kidato cha sita. Kijana wa miaka kumi na tisa, mchana kutwa hana la kufanya, na nyumbani kwangu Tabata kuna PlayStation. Siku ya pili tu tangu afike alikuwa ameshapekua kila kilichomo. Nilirudi kazini nikamkuta amekaa kwenye mkeka, anapitia orodha ya gemu zangu kama mtu anayekagua kabati la marehemu.

"Mjomba, hii umecheza masaa 143?"

Ilikuwa Assassin's Creed Valhalla. Nikaitika ndiyo, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama kweli alifika kileleni Kilimanjaro.

"Kwa hiyo mwisho wake inakuwaje?"

Nikafungua mdomo.

Hakikutoka kitu.

Eivor namkumbuka, shujaa mwenyewe. Nakumbuka anaondoka Norway na ndugu yake Sigurd kwenda Uingereza ya karne ya tisa, nakumbuka kijiji walichojenga kando ya mto, Ravensthorpe. Nakumbuka mvua, mashua, na wale mabaharia wanaoimba. Lakini mwisho? Nilisimama pale na mfuko wa nyanya mkononi, nikijaribu kukumbuka kama niliimaliza kweli au nilichoka tu nikaacha. Saa 143. Ukizigawa kwa siku ya kazi ya saa nane, ni karibu siku kumi na nane. Wiki tatu na nusu za kwenda ofisini na kurudi, na sikuweza kumjibu mtoto swali moja.

"Ni ndefu kuieleza," nikamwambia.

Akacheka. Alijua.

## Kituo nilichopitiliza

Ingeishia hapo kama si kilichotokea wiki ile ile.

Asubuhi huwa nageuza na gari: napanda daladala linaloelekea Segerea, nalipa nauli mara mbili, ili mradi nipate siti ya dirishani ya kwenda mjini. Siku hiyo nilikuwa na gemu kwenye simu ambayo nilishainunua zamani sijaifungua. Inaitwa Florence. Ilitoka Februari 14, 2018, kazi ya studio ndogo ya Melbourne, Australia, iitwayo Mountains. Haifiki hata saa moja. Nilidhani ni kitu cha kupitishia foleni ya Buguruni.

Florence ni binti wa miaka 25. Anaamka, anapiga mswaki (mswaki unausogeza wewe kwa kidole), anapokea simu ya mama yake, anakwenda kazini, anarudi. Siku moja anamwona Krish akipiga cello bustanini. Wanakwenda kula pamoja.

Hapo ndipo iliponikamata. Maongezi yao huyasomi. Kila kauli ni kiputo kilichokatwa vipande, nawe unavipanga vishikane. Kauli ya kwanza ina vipande vingi, unahangaika navyo, unajaribu hiki unakitoa, na ndivyo ilivyo unapotafuta la kusema mbele ya mtu uliyempenda. Kauli inayofuata ina vipande pungufu. Inayofuata, pungufu tena. Mwishowe unasukuma kipande kimoja tu, kinaingia, na hujui ni saa ngapi uliacha kuhangaika.

Hakuna aliyeniandikia kwenye kioo kwamba sasa wamezoeana. Kidole changu ndicho kilichonipa habari.

Baadaye Krish anahamia kwake. Unapewa rafu. Vitu vya Florence vimeijaza, vitu vya Krish vipo kwenye boksi, nafasi haitoshi. Lazima utoe hiki ndiyo uingize kile. Nilikaa kwenye ile rafu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Niliwahi kupewa nusu ya kabati na mtu, miaka kadhaa iliyopita, na najua nusu ya kabati inavyokuwa nzito siku unapoitoa nguo zako. Kisha wanaanza kugombana na vile vipande vya maneno vinarudi, safari hii vina ncha kali, na unavipanga haraka haraka ili usizidiwe na mwenzako.

Nilipoinua uso, konda alikuwa anaita Posta. Mnazi Mmoja, ninakoshukia, tulishapita. Nikarudi kwa miguu na jua lote lile.

Saa 143 hazikuniachia kitu. Dakika zisizofika sitini zimenipitilizisha kituo.

Unaona makala ilivyokuwa inajiandika yenyewe.

## Fupi ndiyo tamu

Jumamosi nikafungua kompyuta. Kichwa kilikuwa tayari, ndicho hicho hapo juu. Hoja zilikuja zimepanga mstari. Kwa kawaida hoja zikija hivyo huwa naingiwa na wasiwasi, lakini siku hiyo nilikuwa na furaha yangu.

Nilianza na Techland, wale Wapoland wa Dying Light 2. Januari 2022, wiki chache kabla gemu haijatoka, walitangaza kwa majivuno kwamba kuimaliza yote kabisa kungehitaji angalau saa 500, karibu sawa na kutembea kwa miguu kutoka Warsaw hadi Madrid. Walitarajia makofi, wakapata watu wanaouliza nani ana saa 500. Ikabidi wafafanue haraka kwamba hadithi yenyewe ni kama saa 20, zilizobaki ni za mwenye moyo wa kuokota kila kitu hadi cha mwisho. Niliipenda sana habari hii. Ni kama mwenyeji anayejisifu kwamba kwake wageni hawaondoki kabla ya alfajiri, wakati wageni wenyewe wanatafuta viatu vyao.

Nikaweka na Portal ya mwaka 2007. Valve waliiingiza kwenye kifurushi cha The Orange Box pamoja na gemu kubwa kubwa, utadhani ni nyongeza ya muuza dagaa. Vyumba 19 vya majaribio na kinachofuata baada yake, sauti ya mashine inayokudanganya kwa upole, na silaha isiyoua mtu ila inatoboa matundu ya kupitia ukutani. Jioni moja umemaliza. Kwenye kifurushi kile kizima, hiyo ndiyo ninayoweza kukusimulia leo bila kukosea.

Nikamalizia na Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Kanuni yao wengi mnaijua: ndani ya siku 14 tangu ununue, kama muda wako wa kucheza haujafika saa mbili, unarudishiwa hela. Kwa gemu ya saa 60, hiyo ni haki ya mnunuzi. Kwa gemu ya saa moja na nusu, ni mlango wa nyuma. Mtu anacheza hadi mwisho, anaandika maoni mazuri, halafu anarudisha, kama anayefuta sahani ya ubwabwa ndipo adai hela yake. Mwaka 2021 aliyetengeneza Summer of '58, gemu ya kutisha isiyofika saa mbili, alitangaza kwamba anaiacha kazi hii kwa muda usiojulikana. Sababu aliyoitaja ni hiyo.

Nilikuwa nimefikisha maneno kama elfu moja, najisikia mtetezi wa wanyonge, pale mpwa wangu aliposimama nyuma ya kiti changu akimenya chungwa.

## "Wewe una hela, Mjomba"

Alisoma kimya hadi mwisho. Kisha akasema, bila ubaya wowote:

"Mjomba, wewe una hela. Ndiyo maana."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Sisi kule Morogoro tukipata gemu moja kwa mwaka, tunaomba isiishe. Ikiisha kwa masaa mawili, hiyo miezi kumi na moja na siku zake tunafanya nini?"

Akaenda kutupa maganda.

Nilikaa pale mbele ya maneno yangu elfu moja. Ni kweli. Mimi ni mtu wa mshahara, muda ndio unaonipiga chenga, kwa hiyo gemu ndefu naiona kama mkopo niliojisainisha mwenyewe. Yeye muda anao gunia zima na hela hana. Gemu ndefu kwake ni mchele wa mwezi. Nilikuwa naandika kuhusu mfuko wangu nikidhani naandika kuhusu sanaa.

Na kibaya zaidi, yule kijana nilishawahi kuwa mimi.

Mwaka 2006 hivi, mtaani kwetu Morogoro palikuwa na banda la gemu. Mabati, benchi mbili, televisheni za chogo, na PS2 zilizofungiwa kwenye sanduku la nondo ili zisitembee. Mechi ya mpira ilikuwa shilingi mia. Grand Theft Auto: San Andreas iliuzwa kwa muda, nusu saa mia tatu, na mwenye banda aliweka saa ya mezani yenye mlio wa kuamsha wafu. Memori kadi ya kuhifadhi ulipofikia hakuna. Aliyokuwa nayo iliibiwa na akaapa hanunui nyingine.

Kwa hiyo kila aliyekaa alianza upya. CJ, shujaa wa gemu, anarudi kutoka Liberty City kwa sababu mama yake amekufa. Polisi wanamtupa mtaa wa maadui. Anaokota baiskeli, anafika Grove Street, wanakwenda makaburini, wanashambuliwa, wanakimbia kwa baiskeli. Halafu saa inalia, mtoke, mwingine akae. Msiba wa mama yake CJ nimeuhudhuria labda mara mia mbili.

Nilikuja kujua nikiwa chuo kwamba kuna mji wa pili unaitwa San Fierro, na wa tatu Las Venturas, na jangwa katikati. Kwetu sisi dunia iliishia darajani. Ukilazimisha kuvuka kabla ya wakati wako unapewa polisi wa nyota nne, na nusu saa yenyewe ndiyo hiyo inayoyoma.

Sasa niambie, gemu ile ilikuwa ndefu au fupi? Kwenye boksi lake ilikuwa ndefu kuliko zote tulizowahi kuziona. Mfukoni mwangu ilikuwa ya dakika 30. Na nikifumba macho sasa hivi naweza kukutembeza Grove Street nyumba kwa nyumba, wakati Uingereza yote ya Valhalla imebaki ukungu. Halafu kuna ile mechi ya mpira ya shilingi mia, dakika chache tu, ambayo watu wa umri wangu tumeirudia kwa miaka ishirini na bado tunagombania pedi. Hiyo utaipima kwa rula gani?

Makala ya "Fupi Ndiyo Tamu" ikalala hapo.

## Deni

(Kama hujamaliza Red Dead Redemption 2 na una nia ya kuimaliza, ruka sehemu hii. Sitanii.)

Kwa siku kadhaa kilichokuwa kinanirudia kichwani si Florence wala CJ. Ni deni moja dogo.

Red Dead Redemption 2 ilitoka Oktoba 2018. Mimi niliinunua Kariakoo mwaka uliofuata, imetumika. Kwenye PS4 inakuja na diski mbili, moja ya data na moja ya kuchezea, na muuzaji alitaka kuniuzia moja. Tukabishana, akaikuta ya pili kwenye kasha la gemu ya mieleka. Nikafika nyumbani, nikaanza kuisakinisha, umeme ukakatika katikati. Naeleza haya ili ujue sikuianza na moyo mweupe.

Mwanzo wake unachosha. Mwaka 1899, genge la Dutch van der Linde limekwama milimani kwenye theluji. Farasi wanazama hadi magotini. Kila kitu ni taratibu: Arthur Morgan, mwanagenge unayemchezesha, akifungua droo, anaifungua kweli, unamtazama, akichuna mnyama, unasimama unamsubiri achune. Nikaiweka kando miezi miwili. Niliirudia kwa sababu sikuwa na gemu nyingine.

Wakishashuka kutoka milimani, Arthur anatumwa kudai madeni. Genge lina mkopeshaji wake, Strauss, mtu mpole wa miwani anayewakopesha maskini kwa riba kisha anamtuma mwingine akawapige. Mmoja wa wadaiwa ni Thomas Downes, mkulima, amekonda, anaonekana kabisa kwamba hakuanza kuumwa leo wala jana. Unamfuata hadi shambani kwake. Unampiga, mke na mtoto wake wapo, kwa sababu ndicho ulichotumwa na kitufe ndicho hicho. Anakohoa. Damu inamrukia Arthur usoni. Arthur anajifuta. Misheni imekwisha.

Nikaendelea na maisha.

Kweli kabisa, nikaendelea na maisha. Niliwinda, nikavua samaki, nikavamia treni, nikanunua kofia. Nikapoteza farasi mmoja kwenye jabali kwa ujinga wangu na nikasikitika siku mbili. Usiku nilikuwa nakaa tu kambini nikisikiliza wale watu wakiimba na kuteta. Mke wa Downes nilikuja kukutana naye tena, sasa ni mjane. Nilijisikia vibaya kwa dakika mbili hivi, nikapanda farasi.

Halafu, nikiwa mwezi wa tatu, Arthur akaanza kukohoa.

Nilidhani ni baridi. Nilimvalisha koti.

Anaanguka barabarani Saint Denis, mji mkubwa. Daktari anampima na kumwambia ana kifua kikuu, na mwaka 1899 hakukuwa na dawa ya kukiponya. Nikaweka pedi chini. Huku kwetu TB si ugonjwa wa sinema, kila ukoo una mtu wake.

Lakini nilichotaka kukueleza ni hiki: sikukumbuka. Sikumkumbuka Downes. Ilinibidi nirudi nyuma kichwani, tukio kwa tukio, kama mtu wa afya anayemhoji mgonjwa amekuwa na nani na nani, hadi nikafika kwenye lile shamba, na ile damu, na Arthur anajifuta. Zilikuwa zimepita saa kama arobaini za kucheza. Kwenye maisha yangu mwenyewe msimu mzima wa masika ulikuwa umekuja na kuondoka. Na deni lilikuwa la kiasi gani? Sikumbuki. Pesa ndogo.

Gemu ya saa nne inaweza kuniambia kwamba Arthur alisahau. Filamu ingeandika kwenye kioo "miezi kadhaa baadaye" na tungekubaliana nayo. Ila mimi nisahau, mimi mwenyewe niliyebonyeza kile kitufe, hilo halina njia ya mkato. Lazima miezi ipite kweli. Lazima niwe nimenunua kofia.

Ile theluji ya mwanzo, zile droo, ule uvuvi wa samaki niliouona ni kupoteza muda: kumbe nilikuwa nasahaulishwa.

## Nusu ya kabati

Nikampa mpwa wangu simu acheze Florence. Nilikuwa na hamu ya kuona uso wake akifika kwenye rafu.

Akacheza, akamaliza, akanirudishia.

"Nzuri. Picha zake nzuri."

Basi. Hakuna kingine.

Niliudhika kidogo, halafu nikaelewa. Ile nusu ya kabati haikuwa ya Florence. Ilikuwa yangu. Gemu ilinipa rafu tupu nikaijaza mwenyewe kwa vitu nilivyokuja navyo kwenye daladala, na yeye hana kabati la mtu bado. Red Dead haikunitaka niwe nimewahi kuishi chochote. Ilinipa kwanza maisha ya kuishi, kisha ikaja kunidai. Florence ilikuja kukopa kwangu, na bahati nzuri nilikuwa nayo.

Washairi wa pwani walilijua hili zamani. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja. Unaingia kwenye vita vile unakaa, unazoea majina ya watu, ndipo wanapoanza kufa. Al-Inkishafi haufiki beti mia. Unakuonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na wageni, sasa ni magofu, na hauhitaji kukueleza zaidi kwa sababu kila msikilizaji ana gofu lake. Nao unakopa. Sijawahi kusikia mtu anauliza upi kati ya hizo mbili unalipa zaidi kwa bei yake.

Sitaki kuifanya hii kuwa kanuni, maana Portal hainikopi chochote na bado naipenda. Inakufundisha jambo moja, inalizungusha kila upande linapoweza kuzunguka, inafunga mlango kabla hujachoka. Na Assassin's Creed Mirage ya mwaka 2023, ile ya Basim na Baghdad, iliyoanza kama nyongeza ya Valhalla kabla ya kufanywa gemu inayojitegemea, ni fupi mno ukiilinganisha na mama yake. Niliimaliza kwa wikiendi mbili. Mwisho wake nao umeanza kunitoka.

## Ravensthorpe

Usiku mmoja mpwa amelala, nikaifungua Valhalla.

Eivor alikuwa amesimama palepale nilipomwacha, ndani ya nyumba ndefu, karibu na meza yenye ramani ya Randvi, mke wa Sigurd. Nikakumbuka utaratibu: unachagua jimbo, unakwenda, unakutana na watu wapya, unawasaidia kumweka mtu wao kitini, mnavamia ngome, mnakula na kunywa, unarudi unamweleza Randvi, unachagua jimbo jingine. Wale watu wapya wanabaki kwao. Kwangu mimi, angalau, cha saa ya mia hakikuja kudai cha saa ya kumi. Nilitaka kuandika kwamba hiyo ndiyo tofauti yake na Red Dead, nikalale.

Ila nikakaa na kukumbuka nilikuwa naicheza vipi. Ilikuwa 2021. Nilikuwa sina kazi, barua zangu za maombi hazijibiwi, na kila jioni ikifika saa kumi na mbili nyumba ilikuwa inanibana kifuani. Nilikuwa naicheza huku nasikiliza mpira redioni. Sauti ya gemu nilikuwa naizima. Nusu ya maongezi yake sikuyasikia kabisa, leo naishitaki kwa kusahau hadithi ambayo sikuwahi kuisikiliza.

Nilichokuwa nakifuata pale ni zile alama za kwenye ramani. Unafika, unafanya kidogo, alama inazimika. Mchana kutwa hakuna kilichokuwa kinakamilika kwenye maisha yangu, na jioni nilikuwa na nchi nzima ya vitu vidogo vinavyokamilika. Mwaka ule ningepewa Florence ningeirusha ukutani. Ningepewa Arthur na kikohozi chake, sijui. Nilihitaji mahali pasipodai nikumbuke, na pasipoisha kabla sijapata kazi.

Kazi nilipata. Pengine ndiyo maana sikumbuki mwisho: siku nilipopata, sikurudi.

Ningeweza kuutafuta huo mwisho mtandaoni kwa dakika mbili. Sijautafuta. Nilizunguka kijijini kidogo, nikapanda mashua, mabaharia wakaimba, safari hii nikiwa nimefungua sauti. Nikazima.

## Jana jioni

Mpwa wangu ameianza Red Dead Redemption 2. Kwenye theluji alilalamika kwamba inaboa, Arthur anatembea kama ana mimba. Nikamwambia avumilie, sikusema zaidi.

Jana nilikuwa jikoni naosha mchele. Pazia la kati lilikuwa wazi, namsikia.

"Mjomba, kuna jamaa hapa hataki kulipa deni."

"Eeh?"

"Si tumemkopesha? Sasa analeta hadithi."

Nikasikia ngumi. Nikasikia sauti ya mwanamke. Halafu nikasikia kikohozi, na nikajua kabisa ni kipi. Mchele ulishatakata, nikaongeza maji nikauosha tena.

"Aah! Kanitemea damu huyu!" Akacheka. "Eti Mjomba, ana nini huyu mzee?"

"Anaumwa."

"Kumbe."

Muziki ukabadilika. Kwato za farasi zikaanza, kwanza taratibu, kisha kwa kasi. Nikamwuliza kama atakunywa chai kabla ya wali.

Akasema baadaye, kwanza anataka afike mjini akanunue kofia.